Kengele ya Amana

Sisi watu wa Valorgue ni wezi, na hilo halijapata kuwa siri. Zamani za Mapinduzi ya Ufaransa, wenzetu wa Chanteron, ng'ambo ya korongo, walilewa sikukuu ya mtakatifu wao wakalala chali. Babu zetu wakapanda hadi kanisani kwao, wakaufunga ulimi wa kengele kwa sufu ya kondoo, wakaishusha bondeni kisha wakaipandisha kwetu. Mpaka leo wao hutuita Wezi, nasi huwaita Walalaji. Wao wana jua mwaka mzima, sisi mlima hutuzibia tangu Novemba hadi Februari. Tulijiona tuko sare.

Mambo yaliharibika tulipomchagua Maxence Bozonnet kuwa meya. Alikuwa ameuza mabeseni ya kuogea mjini Lyon maisha yake yote, akastaafu, akarudi kijijini na koti la kitani na mapenzi makali ya neno urithi. Tanuri bovu la mkate, urithi. Hodhi la kunyweshea ng'ombe, urithi. Hata zizi la shemeji yangu, lililoangushwa na uvivu wake mwenyewe, lilizungushiwa uzio lisiguswe, na shemeji akapata sababu tukufu ya kutolijenga.

Alichotaka Maxence ni kibao cha kahawia kule chini barabarani, kinachowaambia wapita njia kwamba hapa pana kijiji cha kihistoria. Mkaguzi angekuja Septemba. Kilichomkosesha usingizi ni kengele.

"Hatuwezi kumwambia mgeni kwamba fahari yetu kubwa ni wizi," alituambia kwenye kikao cha madiwani.

"Kwani si kweli?" aliuliza Shangazi Philomène Cuvex. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ndiye mpiga kengele tangu mumewe afariki, na kila mtu humwita hivyo.

"Kweli ina nguo nyingi, Shangazi. Tuseme hivi: wenzetu wa Chanteron, wakihofia askari wasije wakaiyeyusha kengele yao wakafanyia mizinga, waliiweka kwetu kama amana."

"Waliiweka huku wanakoroma?"

"Hiyo ndiyo historia. Ni namna ya kusema."

"Na umbeya je? Si namna ya kusema pia?"

Tulipiga kura upesi, maana viazi vya jibini vilikuwa vinapoa. Shangazi peke yake alikataa. Juma lililofuata bango likasimama mlangoni pa kanisa, maandishi ya dhahabu, na neno AMANA kubwa kama ng'ombe.

Siku ya ukaguzi mbingu ilikuwa safi. Mkaguzi, Bi Solenne Harcouët, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kupandia mlima, alisikiliza habari za tanuri, akasikiliza habari za hodhi, akapiga miayo kwa adabu. Maxence alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye kengele tuliposikia trekta likipanda.

Lilikuwa trekta la Chanteron, na tela lake limetandikwa nyasi kavu. Nyuma yake walikuja nusu ya kijiji na soseji, jibini na maua. Mbele alitembea meya wao, Honorine Vuillermoz, amevaa mshipi wake wa sherehe wa rangi tatu.

"Jirani zetu!" alisema, akambusu Maxence mashavu yote mawili. "Tumelisoma bango lenu, machozi yakatutoka. Kumbe miaka yote hii tunawatukana, na ninyi masikini mlikuwa mnatutunzia! Tunaomba radhi."

"Hamna shida, hamna shida," alisema Maxence, ameng'aa uso.

"Basi Mapinduzi yamekwisha. Tumekuja kuichukua."

"Kuichukua lini?"

"Trekta hilo hapo. Amana hurudi kwa mwenyewe, au siyo?"

"Jambo zuri sana hili," alisema mkaguzi, safari hii bila miayo.

Vijana wa Chanteron tayari walikuwa na kamba mabegani. Shangazi Philomène akajiweka kwenye mlango wa mnara, mikono kiunoni, akaujaza mlango wote.

"Bwana Meya, sema."

"Niseme nini, Shangazi? Mgeni yupo."

"Na kengele nayo bado ipo. Chagua."

Maxence alimtazama mkaguzi, akalitazama trekta. Shingo ikamwiva.

"Sisi... tuliichukua," alinong'ona.

"Sauti!" tukamfokea.

"Tuliichukua bila ruhusa."

"Kitu hicho kina jina lake!"

"Tuliiba!" alipiga kelele. "Tuliiba, nanyi mmelala kama magogo!"

Valorgue ililipuka kwa vigelegele na makofi. Mara kila mtu akataka fungu lake la wizi. "Babu yetu ndiye aliyeshika kamba!" "Wenu alikuwa kiwete, alishika taa!" Wawili walikunjana mashati kwa ajili ya ile sufu.

Honorine hakukasirika. Alikuwa anatabasamu, na macho yake yamelowa kwelikweli.

"Rudia, Bwana Meya," alisema. "Mwandishi huyu wa gazeti tuliyekuja naye hakukusikia vizuri. Bibi yangu alikufa akingoja neno hilo litoke kinywani mwa mtu wa Valorgue."

Maxence akarudia. Basi Honorine akapanguza macho, akawaambia vijana wake waziweke kamba chini. "Kaeni nayo. Yetu siku hizi ni ya umeme, haina kelele za shangazi." Soseji zao tulizila pamoja, na wao ndio walioleta divai nzuri.

Kibao cha kahawia hatukukipata. Mkaguzi alimwambia Maxence waziwazi kwamba bango lake ni aibu, kisha akaomba lifti ya trekta kwenda ng'ambo kuona mahali ilipotundikwa kengele zamani. Sasa kibao kiko Chanteron. Kwenye tundu tupu la mnara wao wa kale wameandika: Hapa paliibwa kengele. Kiangazi kizima magari hupita chini yetu bila kupunguza mwendo, na watu kutoka miji ya mbali husimama juani kupiga picha za tundu.

Jumamosi Maxence naye huvuka korongo, kuuza jamu anayopika mkewe. Honorine huwaonyesha wageni kwa kidole: "Huyo ni mmoja wao." Maxence huvua kofia, akainama kidogo, na jamu huisha kabla ya saa sita mchana.