Kumfunga Bekarys Upya

Maira alikuwa anatembea na vishikio vya madirisha mfukoni. Alikuwa amevifungua vyote kwa bisibisi, akavitia katika mfuko wa gauni lake la nyumbani, navyo vikawa vinagongana kila alipopiga hatua. Waliishi ghorofa ya tano mjini Taraz, na mwanawe Bekarys, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajatimiza, alikwisha kugundua kwamba vyuma vya kupashia joto vilivyo chini ya dirisha vinafaa kuwa ngazi. Siku alipomkuta amesimama kizingitini mwa dirisha lililo wazi, akiwachekea njiwa, Maira hakupiga kelele. Aliogopa kelele ingemshtua. Alimwendea kwa kunyata, akamdaka kiunoni, akaanguka naye sakafuni. Kabla hajainuka mtoto alikuwa ameshamponyoka.

Vishikio alivitoa siku ile ile, na tangu hapo hakuwa na raha tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliosha vyombo akiwa ameelekeza shingo mlangoni. Akienda msalani aliacha mlango wazi na kuimba kwa sauti, ili asikie kama mtoto anamjibu.

Na wewe usimwambie kwamba watoto wote ni watukutu. Alishaambiwa hivyo mpaka masikio yakaota sugu. Watoto wa wenzake aliwaona kila siku uwanjani, chini ya jengo: walikimbia, wakaanguka, wakalia, halafu wakachoka, wakakaa kwenye mchanga wakichota na kumimina. Bekarys hakuchota wala hakumimina. Alipita juu ya mchanga, akapita juu ya watoto, akashika njia ya barabarani. Chakula alikila kwa miguu, tonge moja mezani na jingine mlangoni. Hakuna hadithi iliyowahi kufika ukurasa wa pili. Ukimwita ni kama unaita ukuta, hata Maira akaanza kupiga makofi nyuma ya kisogo chake ahakikishe si kiziwi. Usingizi ulimwangusha popote ulipomkuta, mara nyingine kiatu kikiwa mkononi. Na mtu baki yeyote akimnyooshea mkono, aliushika wakaondoka, bila hata kugeuza shingo kumtafuta mama yake. Hilo ndilo lililomkata Maira maini kuliko yote.

"Kesho nampeleka kwa daktari," alisema asubuhi moja, akimmiminia mama mkwe wake chai ya maziwa, nusu bakuli, kama mke wa mtoto anavyotakiwa kumimina.

Mama mkwe huyo, Kulyash, alikuwa mwanamke wa kimo kifupi na amri ndefu. Aliishi nao kwa kuwa mumewe Maira ndiye kitinda mimba, na nyumba ya kitinda mimba ndiyo nyumba ya mama.

"Daktari wa nini? Mtoto ana homa?"

"Hana homa, Mama. Hatulii."

"Hatulii! Ulitaka kuzaa gogo? Mtoto wa kiume wa Kikazakhi anakimbia. Ningekuwa na mjukuu amekaa kama gunia la unga, hapo ningelia."

"Mama, yule alipanda dirishani."

Bakuli likatua mezani. Kulyash naye aliogopa, hilo halikufichika usoni, lakini yeye alikuwa ameshajua la kulaumu.

"Kilichomharibu nakijua," alisema. "Ni mkasi wa Zauresh."

Bekarys alipoanza kusimama dede alifanyiwa wanalofanyiwa watoto wote: alifungwa miguu kwa uzi wa sufu mweusi na mweupe, na mtu aliyechaguliwa akaukata ili mtoto aende zake duniani. Mkataji hachaguliwi ovyo, maana inasemwa mtoto huchukua mwendo wake, na hakuna anayetaka mtoto aende kama mgonjwa. Kulyash mwenyewe ndiye aliyemchagua binti yake mkubwa, Zauresh, muuza vitambaa sokoni, mwanamke anayeweza kumpimia mteja huku anagombana na mwingine na simu ikiwa imebanwa begani. Ni huyo huyo Zauresh apotezaye funguo kila asubuhi, na aliyewahi kusahau chungu jikoni mpaka zimamoto wakavunja mlango. Lakini siku ile ya kukata, Kulyash alimsifu mbele ya wageni kwamba wepesi wake hauna mfano.

"Wepesi umezidi," alisema sasa. "Tutamfunga upya. Safari hii atakata mtu mwenye akili iliyotulia. Orynkul wa ghorofa ya pili."

Orynkul alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Huyo hata nzi akimtua puani hufikiri kwanza.

"Na daktari, Mama?"

"Tukishamfunga asipobadilika, nenda huko kwa daktari wako. Lakini kwanza hili. Ukimpeleka leo watamwandikia ugonjwa wa kichwa, na hilo jina litamfuata mpaka siku ya kuoa. Nani atampa binti yake?"

Maira alikuwa na neno, akalimeza. Usiku alimpigia mumewe, Askhat, aliyekuwa safarini na treni ya mizigo. Askhat alimsikiliza, akasema alilozoea kusema: "Mpe Mama raha yake. Siku chache tu." Siku chache! Kwa mtu anayelala jicho moja, siku chache ni mwaka. Maira aliburuta kitanda chake akakiweka chini ya dirisha, akawa analala hapo.

Jumamosi wakaja shangazi wawili na majirani. Jikoni maandazi yalikuwa yanatoka kwenye mafuta moto, na kitambaa cheupe kilishatandikwa sebuleni. Zauresh hakualikwa. Akaja hivyo hivyo, na mfuko wa peremende mkononi.

"Kumbe miguu yangu ina mkosi, Mama?" aliuliza pale pale mlangoni, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine bado.

"Nani kasema mkosi? Usinianze mbele za watu."

"Umesema wewe. Shangazi kanipigia. Mtoto wa watu anafungwa tena kwa sababu mimi ni mimi."

"Wifi, ingia, chai iko tayari," Maira alisema, uso ukimwaka kwa aibu.

"Usijali wewe, mke wetu. Leteni mkasi, leteni na sabuni, mnioshe huo mkosi." Shangazi wakacheka. Zauresh mwenyewe hakucheka. Alichukua bakuli lake akaenda kusimama ukutani.

Wakamfunga Bekarys. Ilibidi wamshike watatu, na alipigana kama samaki nchi kavu. Maira akamshika mkono wa kulia, shangazi mmoja mkono wa kushoto, na Orynkul akapewa mkasi.

"Subirini," Orynkul alisema. "Miwani."

Akafungua mkoba. Akatoa leso, akatoa dawa za presha, akatoa kikasha cha miwani, akaipuliza, akaanza kuifuta kioo kimoja kimoja. Hakuna aliyethubutu kumharakisha, si ndiyo maana alichaguliwa? Maira alihisi mkono wa mtoto ukiteleza jasho ndani ya wake. Halafu akasikia ubaridi shingoni, akajua: moshi wa mafuta ulimkera mtu jikoni, na mlango wa roshani ulikuwa umefunguliwa.

Bekarys naye alikwisha kuuona. Alijinyofoa kwa nguvu ambazo hazikuwa za umri wake, akaruka na miguu yake iliyofungwa, mara moja, mara ya pili, kuelekea kwenye mwanga. Uzi ukamtega. Akaenda chini kifudifudi, na paji la uso likagonga kizingiti cha roshani. Mlio wake Maira anausikia mpaka leo.

"Zauresh!" Kulyash alipiga ukelele. "Zauresh, mwanangu! Mama yangu wee, Zauresh!"

Maira alishafika. Alimnyanyua mtoto, damu ikimchuruzika hadi kwenye kope, akanyakua kisu cha nyama mezani akaukata ule uzi mwenyewe, yeye mama ambaye kwa desturi hatakiwi hata kuugusa. Bekarys akavuta pumzi, akaanza kulia. Kilio kilikuwa kizuri, cha nguvu. Ndipo watu wakakumbuka kugeuka.

"Nipo hapa, Mama," Zauresh alisema pale ukutani. "Unamwita nani?"

Kulyash alikuwa ameketi sakafuni, shungi limemwanguka. Alimtazama mjukuu, akamtazama binti yake.

"Ulianguka hivi hivi," alisema. "Ulikuwa na umri wake. Nilikufunga kwenye mguu wa kitanda nikaenda kukamua ng'ombe. Ukakiburuta mpaka mlangoni."

Zauresh alijigusa kidevuni, palipokuwa na kovu. "Uliniambia niliangukia ndoo."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa hushikiki. Ulishaingia mtoni, ulishapita chini ya matumbo ya farasi. Nyanya yako alisema nimezaa shetani, na baba yako akasema sijui kulea. Sikujua la kufanya, Zauresh. Wallahi sikujua."

"Na huyu?" Maira aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza mama mkwe swali bila kuinamisha macho. "Kwa huyu ulijua?"

Kulyash aliliokota shungi lake. "Alipoanza kutembea tu nikajua. Nilikuwa namwona yeye, namwona Zauresh. Nikasema ni mkasi. Mkasi unaweza kubadilishwa."

Orynkul alirudisha miwani kwenye kikasha.

Maira, Kulyash na Zauresh wakaenda hospitali na mtoto, katika gari la Zauresh lililojaa mabunda ya vitambaa. Paji lilishonwa, na wiki iliyofuata wakarudi wote kuonana na daktari wa maendeleo ya watoto. Alikuwa mwanamke mpole aliyekuwa anazungumza huku anamtazama Bekarys, ambaye kwa muda huo alishapanda kiti, akashuka, akazima taa na kuvuta waya wa kompyuta.

"Kwa umri huu simpi jina la ugonjwa," daktari alisema. "Utukutu ni wa umri wao, na wengi hupoa. Lakini huyu ni kutwa nzima, ni kila mahali, ni miezi mingi, na anajihatarisha. Hilo umeliona wewe mama, na umefanya vizuri kuja. Tutapima masikio, tutaangalia usingizi, na ninyi tutawafundisha namna ya kukaa naye. Akifika umri wa shule tutajua zaidi."

Machozi yalimtoka Maira kwa kusikia tu kwamba ameona kilichopo. Miezi yote ile aliogopa mawili: kwamba mtoto ana shida, na kwamba yeye ndiye mwenda wazimu.

"Katika ukoo kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

Maira akatazama sakafu. Si yeye wa kulijibu hilo. Akaogopa kwamba hata hapa neno litamezwa, na mtoto atarudi nyumbani kama alivyokuja.

"Yupo," Kulyash alisema. "Huyu binti yangu."

Daktari akamgeukia Zauresh, ambaye alikuwa ameifungua kalamu ya mezani vipande vipande bila mwenyewe kujua. Alikusanya vipande akaviweka mbele yake kwa haya.

"Shuleni waliniita Fujo," alisema. "Chuo nimeacha mara mbili. Mume alisema namchosha, akaondoka. Mimi nilidhani ndiyo tabia yangu, nimeumbwa mtu mbaya kidogo." Alijaribu kutabasamu. "Huyu mmemwona angali mdogo, daktari. Mimi nimeshapita arobaini. Mtu anaweza kuangaliwa akiwa amechelewa hivi?"

Daktari alifungua mdomo, lakini Kulyash alimtangulia. Alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na mwanamke yule aliyezoea kuamrisha sasa alikuwa anaomba.

"Mwangalie, mwanangu," alimwambia daktari. "Tafadhali. Mwangalie na wangu."