Fundi Cherehani Alipoanza Chekechea

Fundi alikuwa ameshapita miaka arobaini na mitano alipompata mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Likizo ya uzazi ilipokwisha alirudi kazini, na kwa kuwa zamu za hospitali hazina huruma na mtu, mtoto akalelewa dukani, chini ya meza ya kukatia nguo. Humo ndimo alimojifunza kutambaa, na humo ndimo alimoota meno. Siku alipomeza kifungo cha shati la mteja, kikatoka salama kesho yake asubuhi, jina likamwangukia palepale: Kifungo. Hata mama yake, aliyekuwa na jina jingine zuri alilolichagua mapema, alisalimu amri.

Duka lilikuwa chumba kimoja tu, chenye mlango wa mbao wa kukunja, cherehani ya kanyagio, pasi ya mkaa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Kifungo alijaza chumba hicho kwa maneno. Alikuwa akimpa baba yake chaki, akiokota sindano zilizoanguka, na huku mdomo haupumziki.

"Baba, kwa nini suruali ina miguu miwili, shati lina mikono miwili, halafu kofia haina hata kichwa chake yenyewe?"

"Kichwa anakuja nacho mteja, mwanangu."

"Na akikisahau?"

Fundi alikuwa akicheka mpaka mguu unateleza kwenye kanyagio.

Mtoto alipotimiza miaka minne, mama yake aliweka sahani chini usiku mmoja akasema, "Baba Kifungo, mtoto wetu ana marafiki, lakini wote wana ndevu. Na neno analolijua vizuri kuliko yote ni 'njoo kesho.' Muhula ukifunguliwa anakwenda chekechea."

Fundi alitaka kubisha. Alimtazama mkewe usoni, akaona afadhali amalizie chakula.

Shule ilikuwa nyuma ya posta, mwendo wa dakika kumi kutoka dukani. Darasa la watoto wadogo lilikuwa na mlango wa buluu, na ndani, ukutani, kulikuwa na safu ya misumari ya kutundikia mikoba. Kwa kuwa watoto walikuwa bado hawajui kusoma, juu ya kila msumari palibandikwa picha: ufunguo, ndizi, kijiko, samaki. Kifungo alipewa mwavuli. Mwalimu alikuwa msichana mwembamba aliyevaa raba. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini, na raba zile alikuwa na haja nazo, maana asubuhi ile watoto kumi na wanane walikuwa wakikimbia kila mmoja upande wake. Mmoja alikuwa amekumbatia nguzo ya baraza akilia kwa sauti moja ndefu isiyokatika. Kabla ya saa nne wenzake walishampa jina: King'ora.

Usiku kucha fundi alikuwa amejiandaa kumbembeleza mwanawe. Alikuwa na maneno tayari, na biskuti mfukoni. Lakini Kifungo aliona beseni kubwa la maji kwenye kona, lenye vikombe na mirija, akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwa baba, akaenda. Hakugeuka hata mara moja.

Fundi akabaki mlangoni na mkoba wa mtoto. Mwalimu akamsogelea.

"Pole, baba."

"Vumbi la chaki tu hili," fundi akasema, akijifuta macho.

"Chaki bado hatujaanza kutumia, baba," mwalimu akajibu kwa upole, akaupokea mkoba, akautundika kwenye mwavuli.

Dukani siku ile palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Fundi alikata suruali ya karani wa posta, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji. Alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Saa nne akafunga mlango, akaenda shuleni kupeleka leso ambayo Kifungo hakuihitaji. Siku ya pili akapeleka sweta, na jua lilikuwa likiwaka. Siku ya tatu alifika mikono mitupu, akasema kuna jambo alisahau kumwambia mtoto. Mtoto akaitwa, akaja na mikono iliyolowa, akasubiri. Fundi akakuna kichwa.

"Uwe na adabu," akasema.

"Haya," Kifungo akajibu, akarudi kwenye maji yake.

Siku ya nne mwalimu aliinua macho akaona kipara dirishani. Alitoka nje. Fundi alikuwa amepanda juu ya tofali, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita."

"Juu ya tofali?"

Fundi akashuka. Mwalimu akasema, "Ingia ndani. Nina kazi."

Kazi ilikuwa boksi zima la madhila: wanasesere waliong'oka mikono, mito ya kukalia inayotapika pamba, nguo kuukuu za kuigizia zisizo na vifungo wala zipu. Fundi akakalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika masikioni, akatoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wa shati. Kabla hajamaliza mkono wa kwanza, watoto walikuwa wamemzunguka. King'ora mwenyewe, aliyelia asubuhi nne mfululizo, alisogea akiwa na kamasi, akatazama uzi ukiingia na kutoka, akasahau kulia.

"Anaumia?" aliuliza, akimwonyesha mwanasesere.

"Haumii. Huyu ni jasiri kama wewe."

King'ora alifikiri kidogo. "Babu, mshone na mguu."

"Babu gani? Mimi ni baba!" fundi alisema, lakini alikuwa amechelewa. Kufikia mchana alikuwa Babu Sindano kwa darasa zima.

Hivyo ndivyo alivyoanza chekechea. Kila asubuhi alikuwa akifungua duka, akishona kidogo, kisha ilipofika saa nne akibandika karatasi mlangoni: NARUDI SASA HIVI. Wateja waliijua ile "sasa hivi" yake kuliko walivyojua majina ya watoto wao, wakanung'unika na kuondoka. Naye alikuwa kwenye kiti chake kidogo, akishona na kutazama. Aliona watoto wakifundishwa kunawa mikono kwa zamu, kupanga vijiti virefu na vifupi, kuketi duara na kumwacha mwenzao amalize kusema. Mwalimu alipopiga makofi mawili, wote walipaswa kuganda kama sanamu. Fundi naye akawa anaganda, sindano hewani, na watoto wakafurahi hata wengine wakaanguka.

Siku moja mwalimu aliwaachia wacheze duka. Kifungo akachukua utepe, akampima King'ora mabega, kiuno, na kwa sababu aijuayo mwenyewe, masikio. "Nguo yako nzuri sana," akamwambia. "Njoo kesho." Mwalimu alilazimika kugeukia ukutani ili watoto wasimwone akicheka.

Kifungo sasa ni mtu mzima. Ni mpima ardhi, anazunguka na vyombo vyake mahali ambapo hata barabara haijafika. Baba yake akiulizwa ni lini alikuwa na furaha kupita nyakati zote, watu hutarajia ataje harusi yake, au mwaka aliposhona sare za hospitali nzima. Yeye hutaja zile wiki: harufu ya rangi mbichi na mikono iliyotoka kunawa, mwanga wa jua sakafuni, na mikeka iliyotandikwa saa sita watoto wakilala chali, mmoja mmoja wakizimika.

Kuhusu ile mikeka, siku zilezile habari zilimfikia mkewe. Mama mmoja aliyekuja kujifungua ndiye aliyempasha. Jioni ile muuguzi alivua viatu vya kazi, akaketi, akamtazama mumewe kutoka juu hadi chini.

"Nasikia sasa nina watoto wawili chekechea."

"Watu wanatia chumvi."

"Nasikia na kulala unalala."

Fundi akaangalia pembeni. Ilikuwa kweli: alijinyoosha mara moja tu, akakoroma, na watoto wakaamka kabla ya wakati. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatulia, akamwekea mkono begani. "Najua duka limekuwa kubwa mno kwako, mume wangu. Hata mimi, niliporudi siku ile ya kwanza kazini, maziwa yalinilowesha sare na mtoto hayupo. Lakini nilibaki wodini."

Kesho yake fundi akaenda tena.

Wiki ya tatu, Kifungo na King'ora walijenga mnara wa vipande vya mbao, mrefu kuliko wao wenyewe. Walikuwa wamebakiza kipande kimoja. Binti mmoja mwenye nywele za mafundo mawili akapita mbio akifukuza mpira, mnara ukaporomoka wote. Kabla mwalimu hajafika, fundi alikuwa amesimama, kiti kikiwa kimemnasa nyuma.

"Huoni unapokwenda? Umeharibu kazi ya mwenzako!"

Sauti ile ilikuwa ya kumkaripia mtu mzima. Binti akaangua kilio. Fundi akapiga magoti, akaanza kuujenga mnara upya kwa haraka. Darasa zima likawa kimya, na hakuna aliyekuwa amepiga makofi.

Kifungo hakumsaidia. Alikwenda kwa yule binti, akamshika mkono, akasimama naye mpaka kwikwi zikapungua. Ndipo akarudi kwa baba yake. Fundi akiwa bado amepiga magoti, macho yao yalikuwa sawasawa.

"Baba, kesho usije."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Uje saa ya kuchukuliwa. Kama baba za wenzangu."

"Na wanasesere nitamwachia nani?"

Kifungo akageuka akaangalia boksi, akiwakagua kama mama yake anavyokagua wagonjwa. "Wamepona wote," akasema.

Fundi akachomeka sindano kwenye ukosi. Akamwomba radhi yule binti mwenye mafundo mawili, ambaye alimkubalia kwa kichwa, kisha fundi akatoka. Mwalimu akamfuata hadi langoni.

"Fundi, usikasirike."

"Nimkasirikie nani? Amesema kweli."

Mwalimu alisimama akichezea filimbi iliyokuwa shingoni mwake. "Nikwambie kitu? Wiki ile ya kwanza nilikuwa nikijifungia chooni nalia. Nilishaandika barua ya kuacha kazi, ilikuwa kwenye pochi. Ulipoingia ukakaa kwenye kile kiti, King'ora akanyamaza. Kwa mara ya kwanza nikapata nafasi ya kupumua. Ile barua niliichana siku hiyohiyo."

Fundi aliitikia tu, akaondoka akitembea katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akampigia kengele.

Kesho yake alimfikisha Kifungo kwenye mlango wa buluu, akapiga moyo konde, akageuka. Dukani alikanyaga cherehani bila kupumzika. Karani wa posta alipopitia, akiwa amejiandaa kusikia aliyoyazoea, alikabidhiwa suruali imepigwa pasi, miguu yote miwili sawa.

"Iko tayari?" karani akauliza. "Leo?"

"Leo. Vaa kabla sijabadili mawazo."

Saa saba na nusu alikuwa langoni, mzazi wa kwanza, lakini hakuvuka. Mlango ulipofunguliwa Kifungo alitoka katikati ya kundi, akamwona, akakimbia.

"Baba! Hujui kilichotokea!"

Nacho kweli hakukijua. Tangu mtoto yule azaliwe mpaka siku ile, hapakuwa na jambo kubwa la mchana wake ambalo baba yake hakuliona kwa macho yake.

"Nini tena?"

"Konokono aliingia kwenye beseni. King'ora akasema tumwite mwalimu, mimi nikasema subiri, halafu..." Alikuwa akianzia mwisho, akirudi mwanzo, akisahau jina, akisimama njiani kuonyesha kwa mikono ukubwa wa konokono, ambaye kila baada ya hatua chache alizidi kunenepa. Fundi akapunguza mwendo. Alipoona mazungumzo yanataka kuisha aliuliza jambo, yakafunguka tena.

Wakapita mbele ya duka lao bila kuliona, wakaenda mpaka mwisho wa mtaa.