Hemanti Anapeleka Jipu Munsiari

Hemanti Dasila alipowasha jipu asubuhi ile, mumewe alikuwa amesimama karibu na taa ya mbele, kiganja juu ya boneti, kama mtu anayemtuliza ng'ombe anayepelekwa mnadani. Trilok alibeba abiria kwa jipu hilo kwa miaka ishirini na sita, kati ya miji ya milimani ya Bageshwar na Munsiari, mpaka kisukari kilipomla macho. Sasa aliona mwanga na vivuli tu. Mnunuzi alikuwa amepatikana huko Munsiari, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Pangtey, na wa kulipeleka gari hakuwapo mwingine ila Hemanti. Kwa miaka miwili alikuwa akijifunza kuendesha kwenye barabara ya kijijini, akipeleka samadi shambani na kurudi na majani ya mifugo.

"Usipakie mtu," Trilok alisema. "Gari limeshauzwa. Lifikishe, kabidhi funguo, kesho urudi na basi."

"Nimesikia, Baba Pushkar."

"Na ukikutana na basi penye kona nyembamba—"

"Hilo umeniambia mara nne tangu chai."

"Basi hii iwe ya tano."

Akaondoa mkono kwenye boneti. Hemanti aliondoka polepole, bila kutazama kioo cha nyuma, kwa kuwa alijua angemwona bado amesimama pale.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha wiki mbili nyuma na mbingu ilikuwa imeoshwa. Mto Sarju ulikwenda naye mpaka Kapkot, kisha barabara ikaanza kupanda. Mwanzoni aliushika usukani kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Kila kona alipiga honi, na honi ya jipu lile ilikuwa na sauti ya mbuzi mwenye mafua. Wanawake waliokuwa wakikata majani kando ya njia waliinua vichwa, wakaona dereva ni mwanamke mwenye mvi aliyejifunga shali kichwani, wakasimama na miundu yao mikononi mpaka alipopotea.

Kufika Shama alikuwa ameanza kuimba chini kwa chini. Alisimama kwenye kibanda cha chai, na wanaume wanne waliokuwa wakicheza karata wakamkagua.

"Shemeji, dereva wako amelala nyuma?" mmoja aliuliza.

"Nyuma kuna tairi la akiba. Kaliulize kama linajua kuendesha."

Wenzake walimcheka mpaka akaziangusha karata zake. Lakini pembeni ya kibanda alikaa mama mmoja na kapu la siagi, na yeye hakucheka. Alikuja kushika mlango wa jipu.

"Hili ni la Trilok. Nalijua kwa hili bonyeo la ubavuni. Nipeleke Tejam, mwanangu. Tangu aache kupita, tunakaa hapa mpaka adhuhuri, na basi likija limejaa."

"Gari limeshauzwa, mama. Nimekatazwa kupakia."

"Likiuzwa viti vinaondoka?"

Hemanti aliuondoa mkono wa mama mlangoni taratibu. Aliinama, akapanda, akaondoka. Nyimbo hazikurudi tena. Alipita Tejam na jipu lenye nafasi za watu tisa likiwa na mtu mmoja, na kila aliposhusha gia alimwona yule mama na siagi yake ikiyeyuka.

Juu ya Birthi mlima ulikuwa umemwaga mawe. Tingatinga lilikuwa limechonga njia ya gari moja, upande mmoja ukuta wa udongo mbichi, upande wa pili hakuna kitu mpaka chini kabisa, kwenye vitu vidogo ambavyo huenda vilikuwa miti. Hemanti alikuwa katikati ya njia hiyo basi lilipotokea kwenye kona, likiteremka, limejaa hadi mlangoni.

Mmoja ilibidi arudi nyuma, na basi lile halingeweza.

Kondakta aliruka chini akaja mbio. "Dada, toka tu, dereva wetu akurudishie. Hii si ya kujaribia."

Hemanti aliutazama mlango. Alitaka sana kutoka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza breki mpaka goti likamuuma.

"Nikitoka," alisema, "wewe utampigia simu mume wangu umwambie ni nani aliyeliendesha gari lake?"

"Mimi simjui mume wako."

"Basi simama nyuma yangu nikuone kwenye kioo. Ukiona tairi linakaribia ukingo, piga ubavu. Usipige kelele, piga tu."

Alirudi nyuma hatua mia mbili. Mara mbili kondakta alipiga bati, mara mbili Hemanti alisimama, akapumua, akasogea mbele kidogo na kuanza upya. Alipofika penye upana na kuvuta breki ya mkono, aligundua kwamba shali lake lilikuwa limelowa jasho hadi mgongoni.

Basi lilimfikia, likasimama. Dereva, mzee mwenye masharubu meupe, akatoa kichwa dirishani.

"Wewe ni nani kwa Trilok?"

"Mkewe."

"Mimi ni Kundan. Nimepishana na mumeo hapa miaka mingi." Aliinamia dirisha, akapunguza sauti abiria wasisikie. "Kipande hiki alikuwa akiwashusha watu wote watembee. Akisema gari linakuwa jepesi. Uongo. Alikuwa anaogopa, hakutaka waone mikono yake. Siku moja alinionyesha, ilikuwa kama ya mtu mwenye homa. Wewe umekipita kinyumenyume."

Akapiga honi, akaenda zake.

Hemanti alilifuata basi kwa macho kwenye kioo mpaka likapotea. Miaka yote alidhani woga wa nyumba ile ni wake peke yake. Kisha akatia gia ya kwanza.

Kwenye kilele cha Kalamuni milima ya theluji ilijitokeza yote kwa pamoja. Alishuka, akagonga kengele ya hekalu la mungu wa kike Kali kama wafanyavyo madereva wote, akateremka Munsiari jua likiwa bado juu.

Pangtey alimngoja barazani na mkewe. Alikagua tairi, akafungua boneti, akaridhika, akanyoosha mkono apewe funguo. Hemanti alizishikilia.

"Bwana Pangtey, samahani. Sitaliuza."

"Umeendesha siku nzima kuja kuniambia huuzi?"

"Nilikuja kuuza. Nimebadili nia njiani. Nimeona afadhali nikuambie machoni kuliko kwa simu."

Pangtey alikasirika, na alikuwa na haki. Alinung'unika kuhusu wageni wake wanaongoja gari na ahadi za watu wa bondeni. Mkewe ndiye aliyekuja na chai. "Mwache," alisema. "Nikienda kwa dada yangu Tejam napoteza siku mbili kusubiri gari. Huyu akipita kila siku si afadhali?"

Hemanti aliomba simu kwa sababu yake haikuwa na mtandao. Trilok alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Umefika?"

"Nimefika. Baba Pushkar, funguo ninazo. Nataka nirudi nalo, na nipakie watu."

Alisikia jogoo wao upande wa pili, na pumzi ya mumewe.

"Watu watasema nimekaa nyumbani ninalishwa na mke."

"Watasema. Halafu watataka kiti cha mbele."

Trilok alikohoa.

"Wanane, wasizidi. Wa tisa anakuzibia kioo. Teremko la Birthi ushuke na gia ya pili, usiamini breki. Na asubuhi, kabla hujaondoka, angalia maji."

"Mengine?"

"Yapo mengi," alisema. "Una kalamu?"

Hemanti alimgeukia mke wa Pangtey na kumwashiria kalamu.