Kanga ya Kufunikia Televisheni

Bi Sihaba alikuwa amemvumilia Mwantumu vya kutosha. Mtoto wa kaka yake, amembeba mwenyewe mgongoni kule Chumbi, leo anarudi kutoka Dar na kamera ya video begani, eti anatengeneza vifilamu vya wasichana wanaovunja ungo. Kimoja alimwonyesha shangazi yake kwenye kidirisha cha kamera: mkono unamenya muhogo, unamenya, unamenya, basi, imekwisha.

"Msichana mwenyewe yuko wapi?"

"Hilo ndilo swali lenyewe, shangazi."

"Nimekuuliza mimi, unanirudishia mimi!"

Na sasa alitaka kumpiga picha Zawadi, mjukuu wa Bi Sihaba, aliyewekwa ndani tangu mavuno ya mpunga. Mwali haonwi na watu mpaka siku ya kutolewa, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Akionwa kabla, ngoma imeharibika. Wanawake wa kijiji kizima cha Bungu hubaki majumbani kwao wakimcheka aliyemtunza. Hata msalani Bi Sihaba alimpeleka gizagiza, amemfunika gubigubi. Kwa kuchoshwa na maneno, akamruhusu Mwantumu aingie, ila uso asiupige picha.

Alhamisi akasikia kanda inaonyeshwa jioni ile ile, kibandani kwa Huseni, panapoonyeshwa picha za mateke.

"Uso umo?" akamvamia Mwantumu jikoni.

"Haumo, shangazi. Kesho narudi Dar, nataka wenyewe waione kwanza."

"Apa."

"Wallahi."

"Hata maandazi yangu uliyaapia hivyo hivyo, na sukari iko mdomoni."

Akachukua kanga yake nzito kuliko zote, akaenda kukaa mbele kabisa, magoti yanagusa meza ya televisheni. Ukitokea uso tu, anafunika.

"Bi Sihaba, tusogezee kichwa!" akapiga kelele Salima, jirani yake na mtani wake. "Au na wewe umo?"

"Nyamaza, kinywa kama jenereta la Huseni."

Picha ikaanza. Giza, kisha kitundu cha mwanga, pale udongo wa ukuta ulipobanduka ukaacha fito wazi. Kwenye kitundu, miguu miwili mikavu yenye nyufa inapita. Inarudi. Inafukuza kuku. Likaonekana gauni lenye kiraka kiunoni, na mtu ameinama anapepeta mchele, makalio yote yameelekea kamera.

Kibanda kikalipuka.

"Mwali huyo katoka!" Salima akapiga kigelegele. "Mwali kapevuka kweli kweli!"

Bi Sihaba alikitambua kiraka kabla ya kujitambua mwenyewe. Akairusha kanga, ikafunika televisheni nzima. Lakini sauti yake kwenye kanda haikufunikika. Chini ya kanga ilikuwa inaendelea kufoka: kuku hawana adabu, kuni mbichi, Mwantumu na kidude chake.

"Mwantumu! Nani kanipiga picha hii?"

"Zawadi, shangazi. Nilimwachia kamera. Nilimwuliza yeye ni nani siku hizi, akaniambia nimwache anionyeshe anachokiona."

"Ndani miezi yote, anachokiona ni makalio yangu?"

Watu wakazidi kucheka. Bi Sihaba akageuka kuwatukana, mara sauti yake mwenyewe, chini ya kanga, ikashuka. Ilikuwa inasema polepole, karibu kabisa na ukuta: "Umelala, mama? Nimekuwekea ukoko wa wali. Usimwambie mtu." Halafu sauti nyingine, ndogo, ambayo Bungu nzima haikuwa imeisikia tangu mavuno: "Sijalala, bibi. Kaa kidogo."

Kicheko kikakatika. Salima akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, asijue anajifutia kicheko au nini.

"Shangazi, toa kanga watu waone," Mwantumu akanong'ona.

"Sitoi! Mmeshaona vya kutosha."

Akainua upindo mmoja, akaingiza kichwa chini ya kanga, akatazama peke yake.

"Jumamosi mje," sauti yake ikatoka humo ndani, kali vile vile. "Mwali hamjamwona. Aliyetolewa leo ni mimi, tena bila ngoma."