Matawi ya Jumapili ya Wafu

Mama aliitandaza ramani ya njia za treni juu ya meza ya jikoni, akaibana kwa bakuli la maganda ya tufaha, kisha akaniambia nimpangie Mjomba Volkmar matembezi ya kila siku, asubuhi hadi jioni, bila kuacha upenyo.

"Mchoshe," alisema. "Mzungushe mpaka aombe mwenyewe kulala."

"Mama, ana miaka sitini na saba."

"Basi kazi yako itakuwa nyepesi."

Alisema hivyo bila kutabasamu, kisu kikiendelea kumenya. Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuwa anakuja kutoka Kanada kwa jambo moja tu. Binti yake, Dörte, alifariki akiwa na miaka minne na akazikwa hapa kwetu Erfurt. Miaka michache baadaye Mjomba na mkewe Roswitha walihamia ng'ambo, wakamwachia Mama kaburi alitunze. Majira ya kuchipua ya mwaka huu Roswitha naye alifariki. Sasa Mjomba alitaka kulifunika kaburi la mwanawe kwa matawi ya msonobari Jumapili ya Wafu, ile ya Novemba ya kuwakumbuka marehemu, kama wafanyavyo watu wote wa kwetu kabla ya baridi kuingia ardhini, na alitaka kulifunika kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini kaburi halikuwapo tena.

"Muda wake uliisha," Mama alisema. "Si unakumbuka walibandika kile kikaratasi juu ya jiwe?"

Nilikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi, ninamwagilia maua, nikakiona kikaratasi cha rangi ya machungwa na kudhani ni pambo. Kwetu kaburi hulipiwa kwa miaka, na kikaratasi kilikuwa kinawataka wenye kaburi wafike ofisini kuongeza mingine. Majira yale Bibi mzaa baba alikuwa mahututi, Mama akashinda hospitalini na kulala hospitalini, akasema atakwenda kesho, na kesho tena. Alipokwenda, jiwe lilikuwa limeshang'olewa na nyasi zimeshapandwa. Mimi niliambiwa tu kwamba siku hizi hatuendi tena kumwagilia, nami kwa akili ya kitoto nikafurahi.

"Na Mjomba hukumwambia?"

"Roswitha alikuwa anapiga simu kila Novemba. Swali lake lilikuwa moja: 'Gudrun, umemfunika mtoto?' Ningemjibu nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemfunika." Alilisukuma bakuli kando. "Nipangie safari, Rike. Na Jumapili tumpeleke Leipzig, tukasikilize kwaya. Jumatatu anaondoka."

"Mwambie ukweli, Mama. Ukisemwa kwa upole ataupokea."

"Hayo ni ya huko kwenu chuoni Jena," alisema. "Hapa ni jikoni."

Nikampangia. Naona aibu kusema kwamba niliipanga kazi hiyo vizuri. Nilichagua ngome zenye ngazi nyingi, miji yenye vichochoro vya mawe, treni zinazohitaji kubadilishwa katikati, na mikahawa iliyo mbali na stesheni.

Mjomba alifika Jumanne na koti refu la kijivu na sanduku dogo kama la mtu anayelala usiku mmoja. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, maana ule mwingine haukutoka mfukoni.

"Huyu ndiye Rike? Mara ya mwisho nilikuona ukiwa umekalia chungu cha kujisaidia."

"Mjomba!"

"Nini? Ulikikalia kwa heshima kubwa."

Siku ya kwanza tulipanda ngome ya Wartburg kwenye ukungu mzito kiasi kwamba, tulipofika juu, bonde lote lilikuwa limezibwa, na mtalii mmoja alikuwa anaupiga picha ukuta. Mjomba aliegemea kitako cha mzinga, akihema.

"Nilipanda hapa nikiwa mwanafunzi. Wakati ule ilikuwa fupi."

"Ngome haijarefuka, Mjomba."

"Wewe umepima? Na hii ratiba yako, mpwa wangu, hata farasi wa jeshi angeikatia rufaa."

Nilicheka, kisha nikajichukia kwa kucheka. Jioni, juu ya madonge ya viazi na mchuzi, aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Gudrun, Jumapili tunakwenda saa ngapi kwa mtoto?"

"Kula kwanza, kaka. Chakula kinapoa."

Kesho yake jioni aliuliza tena, na Mama akainuka kwenda kutazama jiko lililokuwa limezimwa.

Ijumaa tulibaki mjini, kwa kuwa mvua ya theluji ilikuwa inanyesha kimshazari. Nilimpeleka kwenye uwanja ulio mbele ya kanisa kuu. Vibanda vya soko la Krismasi vilikuwa vimeshajengwa, safu kwa safu, lakini vyote vimefungwa na taa hazijawashwa. Kwetu hakuna anayethubutu kufungua kabla Jumapili ya Wafu haijapita. Tulipita katikati yake kama watu waliokuja sherehe kabla ya mwenyeji kuamka.

"Vizuri," Mjomba alisema. "Kwanza wafu, ndipo soseji. Kule kwetu huanza kuuza Krismasi hata maboga hayajaoza."

Kwenye kona mwanamke mmoja mwenye glavu zilizokatwa vidole alikuwa anauza matawi ya msonobari, yamefungwa mafungu. Kabla sijapata la kumwambia, Mjomba alikuwa ameshainama, anayagusa moja moja.

"Unatafuta ya kaburi la namna gani, bwana?" muuzaji akauliza.

"Dogo. Nataka laini. Yasimchome."

Muuzaji hakucheka. Alipekua chini ya meza, akamtolea fungu lenye sindano fupi, nyororo, rangi ya kijani inayoelekea buluu. Mjomba alilibeba kifuani hadi nyumbani, akaliweka barazani ili lisikauke. Mama alipoliona alisimama nyuma ya kioo kwa muda mrefu, taulo la vyombo mkononi.

Jumamosi tulipanda treni ya kwenda Naumburg. Ilichelewa, kisha ikasimama shambani bila sababu, na kondakta akatangaza kwamba naye hajui.

"Huyo ni mkweli," Mjomba alisema. "Apandishwe cheo."

Mabua yaliyokatwa yalijaa maji hadi upeo wa macho. Ndipo alipoutoa ule mkono wake mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike haukutoka mtupu. Alikuwa ameshika kikopo cha bati cha peremende za kifua, kimezungushiwa utepe wa gundi.

"Huyu ni Roswitha," alisema. "Majivu yake, kidogo tu. Mengine yako nyumbani."

Nilikitazama kikopo, kisha nikamtazama yeye.

"Usinitazame hivyo, najua sheria ya hapa hairuhusu. Kule watu wanawaweka wafu wao hata juu ya piano. Lakini yeye hakutaka piano. Aliniambia, 'Volkmar, uniweke kando yake.' Siku ya mwisho, alipokuwa hawezi kusema, alikuwa anaonyesha kwa kidole: kando, kando. Nikamwahidi." Alikigeuza kikopo kiganjani. "Nitachimba kishimo kidogo chini ya matawi. Wewe utasimama uzuie watu wasione. Una bega pana, kama baba yako."

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Jumanne, maneno ya upole, yaliyopangwa. Yakanipotea, yakabaki machache tu.

"Mjomba, kaburi halipo."

Alinitazama kana kwamba nimemtajia stesheni asiyoijua.

"Muda uliisha. Bibi alikuwa anakufa, Mama akachelewa. Wamepanda nyasi. Nilikuwa na miaka kumi."

Treni ilianza kusogea. Alikirudisha kikopo mfukoni taratibu, kama anayemlaza mtu.

"Lakini aliniambia amemfunika," alisema. "Kila mwaka. Roswitha alikuwa akikata simu anasema, 'Amemfunika,' ndipo analala."

"Naomba unisamehe, Mjomba."

"Tunashuka wapi?"

"Tunaweza kurudi sasa hivi..."

"Umepanga kanisa, twende kanisani. Umejisumbua."

Tukaifuata ratiba yangu hadi mwisho, na hiyo ndiyo adhabu ambayo sikuitegemea. Ndani ya kanisa kuu la Naumburg tulisimama chini ya sanamu za kale za watu wa jiwe, mbele ya mwanamke anayejikinga shavu kwa ukosi wa joho lake kana kwamba amehisi upepo. Watalii walikuwa wananong'ona juu ya uzuri wake. Mjomba alimtazama kwa muda.

"Anahisi baridi," alisema tu.

Mkahawani niliagiza supu mbili za dengu. Aliikoroga yake mpaka ikapoa, akamshukuru mhudumu kwa supu nzuri. Nilikuwa nimeamini kwamba ukweli ukishasemwa, kitu fulani kitatulia. Hakuna kilichotulia. Nilikuwa nimemnyang'anya mahali pekee alipokuwa amebakisha duniani, na kumpa badala yake Naumburg.

Jumapili asubuhi Mama alikuwa ameshavaa nguo za Leipzig. Mjomba alitoka barazani na fungu la matawi mikononi.

"Gudrun, chukua koti. Twende tukamfunike mtoto."

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, akafahamu. Alivua hereni zake, akaziweka juu ya friji, akachukua koti.

Makaburini kulijaa watu. Wengine walikuwa wanasukuma vitoroli vya udongo, wengine wamepiga magoti juu ya vipande vya sponji, wakipanga matawi kama vigae, na mishumaa inawaka ndani ya vikombe vyekundu mchana kweupe. Mama alitangulia bila kusita. Alipita mabomba ya maji, akakata kushoto kwenye mti wenye gome jeupe, akasimama pembeni ya uwanja wa nyasi usiokuwa na kitu.

"Hapa," alisema.

"Wewe unapajuaje hapa, kama hakuna kitu?"

"Ninakuja."

"Kufanya nini?"

"Kumfunika." Sauti yake ilikatika. "Kila mwaka, Volkmar. Nanunua matawi, nayalaza hapa kwenye nyasi, kisha ndipo narudi nyumbani kungoja simu yenu. Jumatatu watunza bustani wanayaondoa, hairuhusiwi kuweka kitu. Lakini Jumapili yanakuwapo. Sikumdanganya Roswitha. Nilimficha, lakini kwa hilo sikumdanganya."

Sikuwa nimelijua hilo, miaka yote. Mjomba alikuwa anatazama nyasi.

"Si hapa," akasema hatimaye.

"Ni hapa."

"Hapa palikuwa na ua wa michongoma. Dörte alikuwa upande wa kule, karibu na bomba. Nilikuwa nikijaza maji bila kumwondolea macho."

"Bomba walilihamisha, kaka."

"Na mti huu?"

"Mti huu..." Mama alisita. "Nadhani ulikuwapo."

"Unadhani."

"Rike, wewe ulikuwa unamwagilia. Mti ulikuwapo?"

Nilijitahidi. Nakumbuka uzito wa kopo la kumwagilia, maji yakiniingia kiatuni, kikaratasi cha rangi ya machungwa. Mti siukumbuki.

Walibishana kwa sauti ya chini, kaka na dada, wakionyeshana huku na huko kama watu waliopoteza funguo. Mjomba alikwenda mpaka upande wa bomba la zamani, Mama akabaki penye mti. Kati yao palikuwa na nyasi zilizokatwa sawasawa, zinang'aa kwa umande, na hapakuwa na mmoja wetu awezaye kuapa.

Mjomba alitoa kikopo. Nilisogea niwazibie watu kwa bega langu, kama alivyoniagiza. Alipiga goti, akauchomeka mwiko mdogo wa bustani ardhini, akainua pembe moja ya nyasi. Akakaa hivyo.

"Hapana," alisema.

"Mweke tu, kaka. Yuko karibu."

"Aliniambia kando. Hakuniambia karibu." Aliushindilia udongo kwa kiganja. "Nikikosea mahali, nitakuwa nimemwacha peke yake mahali asipomjua mtu."

Mama alipiga magoti palepale alipokuwa, akiwa na nguo zake za Leipzig, na kilio kilichomtoka hakikuwa cha mtu mzima. Familia iliyokuwa kaburi la jirani iligeuka, kisha kwa adabu ikageukia kwingine.

Mjomba alilifungua fungu. Alilaza tawi la kwanza upande wake, akamnyooshea Mama la pili. Walikwenda wakikutana, tawi kwa tawi, wakiyatawanya mbalimbali ili yafike pote ambapo huenda yupo. Hayakutosha. Nilikimbia hadi langoni. Mafungu yalikuwa yameisha, muuzaji anafagia sindano. Niliporudi walikuwa wamefika katikati, na nyasi zilikuwa zinaonekana kila mahali baina ya matawi, kama blanketi lililochakaa. Mjomba alivua skafu yake, akaitandika kwenye upenyo mkubwa kuliko zote.

Jumatatu tulimsindikiza. Tramu ilipita uwanja wa kanisa kuu. Vibanda vyote vilikuwa wazi, taa zinawaka, na harufu ya mvinyo wa moto na karafuu ikaingia mlango ulipofunguliwa. Shingo ya Mjomba ilikuwa wazi, mkono mmoja mfukoni. Nilikuwa najua, na wao walikuwa wanajua, kwamba saa hiyo watunza bustani wameshaanza kazi.

Jukwaani, stesheni, Mama alimfunga vifungo vya koti hadi kidevuni, jinsi anavyonifunga mimi.

"Volkmar," alisema, "mwakani nimfunike?"

Treni ilikuwa inaingia, na ilibidi Mjomba angoje kelele zipite. Alipanda kwanza, akageuka mlangoni.

"Mfunike," alisema. "Ila usinipigie simu kuniambia."