Vifuniko vya Mama Agatha

Lorna Penner alikuwa ameshatoa chupa sita, na ndoo bado ilikuwa na uzito. Ilikuwa ndoo ya plastiki iliyokwisha aiskrimu, ya lita nne, kama zile ambazo kila jiko la kusini mwa Manitoba huwekea unga, vifungo au mifupa ya supu. Hii ilikuwa na dawa. Lorna, mfamasia wa kliniki, alitoa ya saba, akaipanga mezani pamoja na zile nyingine, akaandika jina la dawa daftarini.

"Umebakiza matango tu," alisema Mama Agatha Friesen. "Ningejua utachungulia hivi ningekuletea na matango."

"Ulete safari ijayo, mama. Nitayakagua nayo."

Mama Agatha alicheka. Kando yake bintiye Verna hakucheka. Alikuwa amepakata mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na barua aliyoikunja na kuikunjua mara nyingi. Ijumaa watu wa makao ya wazee wangekuja kumpima mama yake. Wakiona hawezi tena kukaa peke yake, nyumba ya shambani ingefungwa, naye angehamishiwa chumba kimoja mjini. Aliyepeleka ombi hilo alikuwa Verna mwenyewe.

"Aliacha jiko linawaka," alimwambia Lorna kwa sauti ya chini. "Mara mbili."

"Nasikia, Verna," alisema Mama Agatha. "Nimesahau jiko, sijasahau masikio."

Chupa zilifika kumi na moja. Lorna alizizungusha ili asome karatasi zilizobandikwa, na hapo ndipo alipoona kwamba kila kifuniko kimeandikwa kwa wino mzito mweusi: tarehe, na neno moja. Presha. Miguu. Kibofu.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi. Nimeweka akiba ya matango na jemu miaka hamsini na minne. Kitu kisicho na tarehe kwenye kifuniko, kwangu hakiliwi."

"Lakini chupa hii umeichukua juzi, na kifuniko kinasema Aprili."

"Chupa mpya, kifuniko cha zamani. Nakihamisha. Tarehe ni ya siku nilipoanza kuimeza, siyo siku niliyokwenda dukani. Ya dukani inanisaidia nini?"

Lorna aligeukia skrini. Kompyuta yake ilimwonyesha dawa za Mama Agatha kwa mpangilio wa herufi, na kwa mpangilio huo alikuwa amezitazama asubuhi nzima bila kuona kitu. Sasa alizipanga upya mezani kwa kufuata vifuniko, ya zamani kushoto, mpya kulia. Saba zilikuwa za miaka mingi, akaziweka pembeni. Nne zilizobaki zote zilikuwa za mwaka uliopita.

Aprili kumi na nne, presha. Juni mbili, miguu. Agosti kumi na moja, kibofu. Novemba ishirini, kusahau. Hiyo ya mwisho ilikuwa kwa mwandiko wa Verna.

"Mama, miguu ilianza lini kuvimba?"

"Wakati wa kupanda bustani. Viatu vilikataa kuingia. Hospitali wakanipima moyo, wakasema moyo mzima, wakanipa ya kukojoa."

"Ukakojoa?"

"Mwanangu! Kanisani nilikuwa nakaa benchi la mlangoni kama mtu mwenye deni na mchungaji. Ndipo yule daktari kijana, aliyemshikia Daktari Sandhu nafasi wakati wa likizo, akanipa ya kukausha."

"Ikakausha?"

"Mpaka mdomo. Siku hizi mkate haushuki bila kahawa."

Lorna aliweka kidole kwenye chupa ya kwanza, akakisogeza polepole hadi ya nne. Dawa ya presha ya aina ile huvimbisha miguu ya watu wengine. Ya miguu hujaza kibofu. Ya kibofu, kwa mtu wa miaka themanini na moja, huweza kutia ukungu kichwani. Kila daktari aliyeandika dawa alitibu alichokiona siku hiyo, na kila mmoja alikuwa na sababu. Hakuna aliyeziona zimepangwa mstari.

Alikwenda kumwita Daktari Sandhu, aliyekuwa chumba cha pili anamalizia mgonjwa wake. Daktari alikuja, akainama juu ya meza, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mchezo wa drafti wa wengine.

"Hii ya kwanza ni yangu," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Hm." Alisoma vifuniko tena. "Inawezekana. Inawezekana pia amezeeka tu, na yote haya yamegongana kwa bahati. Mama Friesen, unisamehe kusema hivyo."

"Sema tu. Nawe unaota mvi."

"Kwa nini tusizitoe zote leo?" aliuliza Verna, ghafla amekaa wima.

"Tukizitoa zote, hatutajua ipi ilikuwa inafanya nini," alisema Lorna. "Na presha haitatusubiri. Moja moja."

Daktari aliichukua ile ya kibofu. "Hii isimame kuanzia leo. Ya presha nitaibadilisha, lakini kwanza nione taarifa ya moyo kutoka hospitali. Wameahidi kuileta kesho kwa faksi. Zingine baadaye."

"Na Ijumaa?" Verna alitoa barua mkobani. "Waambie waahirishe."

"Nikiwaandikia waahirishe watauliza sababu. Nahitaji kujua usahaulifu ulianza kabla ya dawa hii au baada yake. Ulianza lini?"

Verna alifikiri. Jiko lilikuwa Oktoba. Kabla ya hapo hakuwa na hakika. "Krismasi nilishuka ghalani chini ya nyumba kuchukua jemu ya plamu," alisema taratibu. "Mitungi yote haikuwa na tarehe. Nilikaa kwenye ngazi nikalia."

Mama Agatha alimgeukia. "Hukuniambia."

"Ningekuambiaje, mama?"

"Plamu huwekwa Septemba, baada ya dawa," alisema Lorna. Alijilazimisha kuuliza polepole. "Na matango?"

"Yanaanza Julai mwisho, mpaka Agosti yote," alisema Mama Agatha. "Rafu ya chini. Mapya nyuma, ya zamani mbele."

"Uliyaandika?"

"Nadhani. Sijui."

"Mimi rafu ya chini sikuitazama," alisema Verna.

Wote wanne walitazama kile kifuniko cha Agosti kumi na moja. Dirishani upepo ulikuwa unasukuma theluji barabarani, na njia ya shamba la akina Friesen isingefunguliwa hadi trekta lipite asubuhi. Usiku huo mama angelala mjini kwa bintiye.

"Kesho nitashuka na tochi," alisema Verna. "Nisome nini?"

"Mtungi wa mwisho wenye tarehe," alisema Lorna, "na wa kwanza usio nayo. Usihamishe hata mmoja."

"Na ikiwa wa Julai nao hauna?"

"Basi tutajua hilo."

Mama Agatha alinyoosha mkono, akachukua kalamu ya Lorna na kile kifuniko cha kibofu. Chini ya tarehe ya zamani akaandika ya leo, siku ya kuiacha, kisha akamtazama bintiye.

"Ni kumi na nne, siyo?"

"Kumi na tano, mama."

Akasahihisha.