Ndiyo ya Mwalimu Henry

Vumbi liliingia Doha asubuhi, likayafuta maghorofa ya ufukweni moja baada ya jingine, taratibu, kama mwalimu afutavyo ubao akijua kipindi bado hakijaisha. Likaifuta barabara ya Abu Hamour, likafuta maduka, likafuta taa za magari. Likabaki dirisha moja la ghorofa ya tatu, na nyuma ya kioo chake Millicent, ameshika karatasi kwa mikono miwili.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 2015, na karatasi ile ilikuwa barua ya baba yake.

Ilikuja wazi, haina bahasha, imepita mbele ya macho mengi kabla ya macho yake. Ndivyo zilivyokuja barua za wafungwa wa vita wasioshika bunduki: zinabebwa na watu wa Msalaba Mwekundu, karatasi moja, upande mmoja, habari za familia tu. Usitaje mahali. Usitaje vita. Usitaje njaa.

Kwa hiyo baba aliandika: Nywele zangu zimekuwa nyeupe zote, na zinanipendeza. Aliandika: Jirani yangu wa mkeka ni mzee wa Kisudani; anapotawadha kwa ajili ya sala mimi humshikia kopo, na jana yeye alinishikia mimi, ingawa sikuwa na sala ya saa ile. Aliandika: Barua yako nimeipa nane kwa kumi. Umeandika "labda" mara sita. Mtu akijua, aseme anajua. Asipojua, aseme hajui.

Millicent alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati, kikawa kitu kingine.

Ewe vumbi, alisema moyoni, laiti ungekuwa unatoka aliko. Lakini alijua halitoki huko. Upepo wa Doha hushuka kutoka kaskazini, na baba yake alikuwa kusini, Yemen, katika ua wa shule ya ufundi iliyofungwa, pamoja na wageni wote waliokutwa mjini siku vita vilipofika. Kila mgeni alihesabiwa jasusi mpaka aseme vinginevyo.

Na baba yake alisema. Alisema mara moja, kwa sauti ya darasani. Mimi si jasusi. Hiyo tu.

Kwa maana ndiyo yake ilikuwa ndiyo.

*

Mwalimu Henry alizaliwa Shirati, katika nyumba ya Wamennonite, akabatizwa Mmennonite, akafundisha hisabati miaka thelathini na mmoja katika shule ambazo madirisha yake hayakuwahi kuwa na vioo. Watu wa kanisa lao hawashiki silaha. Siku ya Meza ya Bwana huinama na kutawadhana miguu, tajiri kwa maskini, mkwe kwa mkwe. Na hawaapi. Hawaapi mahakamani, hawaapi sokoni, hawaapi hata mtoto anaposingiziwa kuiba sukari.

Millicent aliwahi kusingiziwa sukari. Alikuwa na miaka saba, na midomo yake ilikuwa mikavu na safi. "Haki ya Mungu, Baba, sikuigusa."

Baba aliweka chaki chini. "Ukiapa leo," aliuliza, "jana ulikuwa ukisema nini?"

Hakumchapa. Alimwachia swali lile, naye akakua nalo, akasoma nalo chuo cha ualimu, akapanda nalo ndege.

Mama alifariki mwaka 2013. Baba alikuwa amestaafu. Nyumba ilikuwa na viti vingi kuliko watu. Akaja mgeni wa kanisa na habari za shule ndogo huko Yemen isiyo na mwalimu wa hesabu, na baba akakubali, kama mtu anayekubali kusogea ili mwenzake apate nafasi. Millicent naye alikuwa amepata kazi Doha, chekechea ya Al Wukair, kuwasaidia walimu na kuwavisha watoto viatu. Walisimama wawili kwenye kaburi la Mama, udongo bado mwekundu.

"Utarudi, Baba?"

"Nitarudi."

"Kweli?"

Alimtazama kana kwamba amevunja sahani. "Nimesema nitarudi."

Ndiyo yake ilikuwa ndiyo. Millicent aliichukua ile ndiyo, akaikunja, akaivaa ndani ya nguo kama wengine wavaavyo hirizi.

*

Ijumaa alikwenda Mesaimeer, kwenye makanisa. Kanisa la kwao halikuwapo. Alikaa na Wakenya, akaimba nyimbo zao, akawa wa mwisho kutoka. Mwezi wa kumi, mwanamume mwembamba alimngojea penye kivuli cha ukuta, kofia mkononi.

"Wewe ndio Millicent wa Mwalimu?"

Jina lake Ndirangu, fundi umeme, mtu wa Nyeri. Alikuwa amelala mikeka mitatu kutoka kwa baba yake, akaachiliwa, na kampuni yake ikamleta Doha.

"Mzee wako ni mgumu, sister. Kila mwezi wanaleta meza hapo nje. Unainua mkono, unaapa kwa Mungu wewe si jasusi na hutasimulia ulichoona, unapanda basi mpaka bandarini. Dakika mbili. Mimi niliapa mbio mpaka yule afisa akaniambia nirudie polepole."

"Na Baba?"

"Anawaambia, mimi si jasusi. Wanamwambia, apa. Anawaambia, nimeshawaambia. Afisa akamuuliza, Waislamu wameapa, Wakristo wameapa, wewe ni nani? Akasema, mimi ni mwalimu." Ndirangu alitabasamu kidogo, tabasamu likamwishia. "Wanamrudisha kwa mkeka. Mara tano nikiwa huko, kabla jina langu halijaitwa mezani."

"Anaumwa?"

Ndirangu alitazama viatu vyake.

"Kama unajua, sema," Millicent alimwambia.

"Amebaki mifupa na miwani. Anakohoa mpaka yule Msudani anamshika mgongo. Huko ni milimani, sister, na baridi inakuja." Akavaa kofia, akaivua tena. "Hatatoboa."

*

Nyumbani aliishi na Zuleikha, mtu wa Unguja, aliyefanya kazi ya kufua hotelini na kuchekesha bila malipo. Millicent alimweleza yote, hata meza, hata mkono ulioinuliwa.

"Kiapo tu?" Zuleikha alisema. "Mie naapa nikinunua nyanya. Wallahi shoga, siku nikikatazwa kuapa ntakuwa bubu."

Millicent hakucheka. Zuleikha akamkunjia shuka lililokwisha kukunjwa.

"Mwandikie," alisema. "Baba ni mmoja. Mungu ni msamehevu, ila kifua hakisamehi."

Siku tatu Millicent aliitazama karatasi tupu. Alikuwa na habari za familia tu za kuandika, na alijua habari moja ya familia yenye makali kuliko kisu. Watoto wa chekechea walimwita, hakusikia. Maji ya chai yalikauka jikoni. Siku ya nne akaandika bila kuinua kalamu:

Baba. Mimi ni mzima. Siku ile kwenye kaburi la Mama ulisema utarudi. Hukuapa, ulisema tu, na mimi nimeishika ndiyo ile. Meza ikija, fanya wanavyotaka, urudi. Usiporudi, ndiyo yako itakuwa siyo. Mwanao, Millicent.

Akaisoma. Haikuwa na "labda" hata moja.

Akaipeleka asubuhi, mapema, kabla mkono wa kushoto haujajua alichoandika wa kulia.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na mbili. Mwandiko ulikuwa umelala kama majani yaliyokanyagwa. Hakuandika habari za nywele. Hakuandika habari za Msudani. Aliandika mstari mmoja juu kabisa, na sehemu iliyobaki ya karatasi ikawa nyeupe, pana, kama uwanja wa shule siku ya likizo.

Barua yako haina kosa. Kumi kwa kumi.

*

Akarudi. Tuseme hivyo, kwa kuwa mwili wake ulirudi: kwa basi, kwa meli hadi Djibouti, kwa ndege, kwa gari la kanisa mpaka mlangoni Shirati, mwezi wa kwanza wa 2016, kikohozi na miwani na mfuko mmoja. Shangazi Winfred, dada wa baba, alipiga simu huku akilia na kucheka.

"Huyu hapa, zungumza naye."

"Baba. Umefika."

"Nimefika, haki ya Mungu."

Millicent alidhani ni mzaha. Alicheka, naye baba hakucheka.

"Umekula, Baba?"

"Nimekula. Mungu ni shahidi, nimekula. Muulize shangazi yako."

Alisogea dirishani, simu sikioni. Nje watu walikuwa wakipita na mifuko ya mboga, wakisema hili na lile, na kila waliposema waliaminiwa.

Kifua kilipona. Dawa zilifanya kazi yake, uji ulifanya kazi yake, na mwezi wa pili baba aliweza kutembea mpaka kanisani na kurudi. Lakini Shangazi Winfred alipopiga simu sasa alinong'ona.

"Anaapa, mwanangu. Anaapa hata akisalimiwa. Juzi mchungaji kamuuliza hali, kaapa kwamba ni mzima. Mchungaji kashika mlango asianguke."

"Akili yake iko sawa, Shangazi?"

"Akili iko sawa kabisa. Ndiyo inayomtesa. Watoto wa jirani walikuja na madaftari, akawarudisha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hawezi kuwaambia mbili na mbili ni nne. Akasema, nani ataniamini?"

Millicent aliyaelewa mara moja, na kuelewa hakukumpa pumzi. Miaka sitini na minne baba yake alikuwa na neno moja, zima, lisilohitaji fimbo ya kutembelea. Alilitoa mezani ili atimize lile alilomwambia bintiye kaburini. Alitimiza. Na baada ya hapo, kila alilosema lilikuja likichechemea, limeegemea Mungu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuliamini tena kusimama.

Ndiyo yake ilikuwa ndiyo. Ilikuwa.

Watu wa kwao Abu Hamour walimpongeza. Cherotich, muuguzi aliyekaa naye benchi moja kanisani, alimkumbatia: "Umemwokoa babako." Zuleikha alipika pilau. Millicent alishukuru kila mtu, akala kidogo, akaosha sahani zote peke yake na kuzirudia kuziosha. Hakuna aliyemlaumu, na hapo hapakuwa na pa kushika.

*

Ijumaa moja ya mwezi wa nne alipanda juu ya paa kuanua mashuka. Mashariki kulikuwa kweupe bado. Kaskazini kulikuwa kumeanza kufifia. Alimpigia baba yake. Alitaka kusema mengi, akasema moja, lile alilolikimbia majira yote ya baridi.

"Baba, unanichukia?"

"Hapana," baba alisema.

Hapana. Neno tupu, lenye miguu yake, sauti ya darasani. Millicent alishika kamba ya nguo. Alisikia jogoo wa Shirati akiwika nyuma ya simu, akasikia mtu akiburuta kiti, na akamsihi Mungu jambo moja tu, kwamba baba yake aishie hapo, asiongeze kitu.

Kisha akasikia baba akivuta pumzi, kama mzee anayetafuta ukuta gizani.

"Haki ya Mungu, mwanangu. Haki ya Mungu, hapana."

"Asante, Baba," alisema.

Vumbi likafika. Likafuta maghorofa ya mbali, likafuta barabara, likafuta mashuka meupe aliyokuwa hajayaanua, likaja mpaka kwenye mkono ulioshika simu. Millicent aliliacha lije. Hakuuona tena mkono wa mwalimu ndani yake. Mwalimu akifuta ubao, huwa ana la kuandika.